Wembe Ulioshiba

Nilipokuwa mtoto wa kufuatafuata leso za wakubwa, pale Jomvu Kuu, niliamini kwamba wembe una tumbo. Bibi, mzaa baba, ndiye aliyenitia imani hiyo. Yeye ndiye aliyewanyoa watoto wa mtaani kwetu siku ya arobaini tangu kuzaliwa, kwa mashine yake ya chuma, ile ya kuzungusha mpini kifuniko kikafunguka ukatia wembe. Alikuwa akisema wembe hula nywele mpaka ukashiba, na ukishashiba hutamani damu. Na damu ikimtoka mtoto kichwani siku ile, mtoto hakai duniani.

Nyumbani kwetu neno hilo halikuwa la mchezo. Mama alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili kabla ya ndugu yangu Salim. Arobaini ya Salim ilipofika, Mama aliketi mkekani amempakata, akitabasamu na wageni.

Bibi alitoa wembe mpya katika karatasi yake sote tukiona, akautia kwenye mashine, akapiga bismillahi. Alianza upande wa kulia. Povu lilishuka na nywele laini, nami nimeshika sahani ya kuzipokea. Alipokaribia utosi, mkono wake ukasita.

"Umeshiba," akasema.

Shangazi Rukia, bintiye, akacheka. "Mama, wembe ndio kwanza umeutoa karatasini. Na kichwa kilichoanzwa na wembe mmoja humalizwa na huo huo. Ukibadilisha katikati wamkata mtoto bahati."

Hilo nalo tulikuwa tukiliamini. Wanawake wakaguna kumuunga mkono Shangazi. Nikamtazama Mama: alikuwa amekifunika kile kichwa kilichonyolewa nusu kwa kiganja chake, hajui aogope lipi.

"Nipe miye nimalize," Shangazi akasema.

"Anza na mkono wako," Bibi akamjibu bila ya hasira, akampa mashine.

Shangazi akajipaka povu, akaupitisha wembe polepole, kama mtu anayemridhisha mzee. Povu likageuka jekundu. Jirani mmoja akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini, na mimi malaika ya mwili yakanisimama. Bibi akafungua pindo la leso yake, akatoa wembe mwingine, akamaliza kazi. Salim hata hakuamka.

Leo najua wembe waweza kutoka kiwandani na pengo, na kwamba hewa yetu ya chumvi hukila chuma hata kikiwa ndani ya karatasi. Bibi mwenyewe, nilipomuuliza alijuaje, hakunitajia tumbo. "Wembe mzima hupita kwa uzito wake," alisema. "Ukiona wausukuma, utoe." Maneno mepesi hayo, lakini wasikiao ni wachache. Salim, ambaye kichwa chake kiliponea chupuchupu, hung'ang'ania wembe mmoja mpaka atoke msalani na vipande vya karatasi kidevuni.

Mwaka jana Salim naye alipata mtoto, na arobaini ilipotimia tukamweka mbele ya Bibi, mzee sasa, macho yamefifia. Alianza upande wa kulia, akasita. Akabadilisha wembe. Akaanza tena, akasita tena. Shangazi Rukia, ambaye bado ana kovu mkononi, safari hii alinyamaza.

Bibi aliugusa wembe kwa ncha ya kidole, kisha akautazama mkono wake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Wembe ni mzima," akasema. "Ni mkono unaosukuma."

Akanipa mashine. Nilitaka kumwambia ajaribu tena, nikaona aibu. Maisha yangu yote nilidhani alikuwa akitufundisha habari ya nyembe. Machozi yalinilenga, nikayafuta kwa bega, maana kichwa cha mtoto kilikuwa kikingoja. Nikapiga bismillahi, nikaanzia pale alipoachia.