Aliyelemea Gari Letu Mlimani

Watu wengi wakinisikiliza mpaka katikati huanza kucheka, kwa sababu kisa changu kina kabureta na bomba la moshi ndani yake. Chekeni. Mimi nilikuwapo, na jua lilikuwa bado halijazama. Shule nimesoma kidogo, lakini majina ya watu siyasahau, na yule niliyekutana naye mvuani nilimjua kwa jina lake, jina la baba yake na kilima alichozaliwa. Mtu anaota ndoto akiwa ameshika dumu la maji?

Zilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka milimani tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, upande wa Nyakahura. Mume wangu Silvesta, mimi nilimwita Baba Editha, alikuwa dereva wa padri mmoja mzungu. Padri alipozeeka akarudi kwao, akamwachia kigari chake kidogo, cheupe, ambacho alikuwa amekwisha kukichosha. Kijijini hapakuwa na gari jingine. Tukakubaliana mkutanoni kwamba kitabeba wagonjwa, kitabeba wajawazito, na waliofariki wanaotaka kuzikwa kwao.

Sasa, injini yake ilikuwa ndogo. Magari ya wajukuu zangu yana hiyo wanayoita turbo, naambiwa ni kama mtu anakupulizia moto jikoni. Chetu hakikuwa na wa kukipulizia. Kwenye tambarare kilikwenda vizuri, lakini njia ya kwenda hospitali ya upande wa Ngara ina bonde, na chini ya bonde kuna mto na daraja la mbao, halafu kinaanza kilima cha kupanda kuelekea Mbuba. Hapo ndipo kilipotushinda. Tulikuwa tunashuka wote tunasukuma, na mgonjwa naye akiweza anashuka.

Baba Editha akaanza kukiongezea nguvu. Pesa hatukuwa nazo, alifanya vile vya mnyonge. Alikwenda Biharamulo mjini kwa fundi Hamisi, mtu wa maneno mengi lakini mkono wake ulikuwa mzuri. Hamisi alifungua boneti, akatikisa kichwa.

"Shemeji," akaniambia, "hiki kina moyo wa mbuzi na nyie mnakitaka kilime kama ng'ombe."

"Mpe basi huyo mbuzi majani mazuri," nikamjibu.

Akacheka. Akakitoboa kile kikopo cha chujio la hewa ili injini ivute pumzi. Akasafisha kabureta kwa unyoya wa kuku, akapiga msasa platini, akavuta moto wa plagi uwahi kidogo. Baadaye mume wangu akatoa bomba la moshi la zamani, akafunga jingine pana la pampu iliyokufa. Mungu wangu, kelele! Mbuzi wa jirani walikimbilia ndani ya nyumba, na wazee wakasema nduli Amin amefika. Mwisho akaanza kukipunguza uzito. Aling'oa kiti cha nyuma na bampa zote mbili, gurudumu la akiba akaliacha nyumbani. Abiria wa nyuma wakawa wanakaa juu ya nyasi na mkeka.

Na kilipanda! Ila kwa sharti moja: ushuke bonde kwa kasi, upite darajani bila kugusa breki, kasi hiyo ikubebe mpaka juu. Ukipunguza, umekwisha.

Tulifurahi msimu mmoja tu. Mvua za masika zilipokwisha, kilima kikatushinda tena. Kwenye tambarare gari linaruka, kurudi nyumbani linapanda vilima vyote, lakini pale baada ya daraja, ukielekea Mbuba, linakuwa kama limebeba mawe. Baba Editha akafungua, akafunga, akabadilisha plagi. Hamisi akalijaribu mjini, akasema, "Silvesta, gari lako ni zima kuliko mimi." Usiku mume wangu akawa analala macho wazi. Nilidhani ni gari tu linalomsumbua.

Ndipo vikaja vita. Petroli yote ikaenda jeshini, malori yakaenda Kagera na vijana wetu juu yake. Na mdogo wangu Leokadia alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza tulichelewa hospitali na mtoto akamfia tumboni, Leokadia mwenyewe alipona kwa shida. Safari hii uchungu ulipoanza mkunga alimpapasa akatoka nje akaniambia, "Mtoto amelala mlalo. Hapa kwangu watakufa wote wawili. Mpelekeni sasa hivi." Petroli tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kwenda tu.

Tukaondoka mchana, mvua ya manyunyu inanyesha. Mimi nilikaa nyuma juu ya nyasi, kichwa cha Leokadia mapajani kwangu. Baba Editha alishuka bonde kwa kasi mpaka nikafumba macho. Daraja likalia, tukaanza kupanda. Niaminini, nilisikia kabisa gari likilemewa, kama punda anayepandiwa na mtu mzima. Gia ya pili, gia ya kwanza, mvuke ukatoka mbele, tukasimama, injini bado inaunguruma. Hata nusu ya kilima hatukufika.

"Rejeta inachemka," akasema mume wangu. "Lete maji."

Nikateremka mtoni na dumu. Niliporudi, Baba Editha alikuwa ameinamia injini, boneti imemficha. Na kwenye kiti cha mbele, kile cha abiria, alikaa mzee.

Alikuwa amejifunika blanketi la kijivu mpaka shingoni, na kioo cha upande wake kilikuwa wazi, mvua inaingia, lakini blanketi lilikuwa kavu. Nilidhani ni mtu wa kuomba lifti. Nilikasirika, lakini mzee ni mzee.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Utusamehe, tuna mgonjwa. Gari halimudu mtu mwingine."

"Marahaba," akajibu. Alisema Kihangaza, na sauti yake ilikuwa ya puani. "Mimi nilipanda kabla yenu."

"Ulipandia wapi?"

"Nyumbani kwangu. Nangoja kuambiwa."

"Kuambiwa nini, baba?"

"Kwamba tumevuka."

Akageuka kunitazama, na nikaona kwa nini sauti ilikuwa ya puani. Tundu zote mbili za pua zilikuwa na pamba.

Dumu liliniponyoka. Nilimjua. Alikuwa Mzee Rugwabiza, mwana wa Ntibahezwa, mzaliwa wa kilima cha Mbuba, aliyehamishwa pamoja nasi na akafa kijijini masika ile, kabla kilima hakijatushinda tena. Aliomba akazikwe kwa baba zake, na Baba Editha ndiye aliyembeba katika gari lile.

Hapa niwaeleze desturi yetu, msije mkapotea. Zamani maiti alibebwa kwa machela. Mkifika mtoni mnatua machela chini, kila mtu ananyamaza, na mmoja anamwita marehemu kwa jina lake lote na kumwambia: hapa ni mtoni, tunavuka, twende nyumbani. Usipomwambia, mwili utavuka lakini yeye atabaki ng'ambo. Kwa gari ni hivyo hivyo, mnasimama darajani, mnazima injini.

Nikazunguka mbele nikamshika mume wangu mkono.

"Baba Editha, Mzee Rugwabiza ulimvushaje pale darajani?"

Spana ilimtoka mkononi. Hakuniuliza kwa nini nauliza.

"Ndugu zake walipiga paa," akasema. "Mmoja wao, Yohana, alipiga paa akilia, simama, simama. Ningesimama nisingepanda! Kasi yote ningeipata wapi tena? Nikasema nitawaomba radhi juu."

"Uliwaomba?"

"Niliwaomba wao."

"Yupo kitini," nikamwambia. "Ndiye anayekulemea."

Alitazama kupitia kioo. Yeye hakuona mtu, lakini kiti alikiona kimebonyea, akatokwa na machozi.

Sasa fikirini wenyewe. Ili kumwambia, lazima turudi darajani na tuzime injini. Betri yetu ilikuwa imekufa siku nyingi, gari lilikuwa la kusukuma, na pale darajani ni tambarare, hakuna mteremko wa kukusaidia. Petroli nayo ilikuwa ya kuhesabia matone. Mume wangu alisema haiwezekani, tutamuua Leokadia. Leokadia mwenyewe ndiye aliyejibu kutoka kwenye nyasi, meno yameumana.

"Shemeji, mrudishe baba wa watu. Hapa hatupandi na yeye, na mimi siwezi kuzaa mbele yake."

Tukateremka kinyumenyume mpaka darajani, tukajaza rejeta maji ya mto. Baba Editha akazima. Kimya kile, baada ya kelele za bomba lile, kilikuwa kama mtu ameniziba masikio. Nikasimama upande wa kiti nikasema kwa sauti, kwa Kihangaza: "Rugwabiza, mwana wa Ntibahezwa, wa kilima cha Mbuba, hapa ni mtoni. Tumekukosea. Sasa tunavuka, twende nyumbani."

Mlango haukufunguka. Kiti tu kiliinuka, kama kiti anapoondoka mtu.

Mume wangu akashika usukani, mimi nikaenda nyuma kusukuma. Mwanamke mmoja, na gari lina watu, juu ya mbao zinazoteleza! Nilisukuma mpaka nikaona giza. Halikutikisika. Ndipo kando ya mikono yangu ikawekwa mikono mingine, mikavu, ya kizee, na bega likagusa bega langu la kushoto. Baridi yake! Sikugeuka. Tukasukuma pamoja. Gari likaanza kutembea, likakohoa, likawaka, likashika mlima kwa ngurumo ambayo sijawahi kuisikia tena, na halikusimama.

Ndiyo, liliniacha. Lingesimama kunichukua lisingepanda. Nililitazama mpaka likapotea juu, na nilikuwa nalia na kucheka.

"Limekuacha," akasema mzee pembeni yangu.

"Limeniacha, baba."

"Ndivyo walivyonifanyia mimi."

Mngefanya nini nyie? Kukimbia ningekimbilia wapi, na njia ni moja? Tukapanda kilima pamoja, yeye mbele kidogo. Alitembea taratibu kama mtu aliyetoka shamba. Mbali kidogo akaniuliza, "Nyumba yangu kijijini anakaa nani?"

"Amepewa mtu wa Shinyanga. Ana ng'ombe."

"Ng'ombe wazuri?"

"Wazuri, baba. Wana pembe ndefu."

"Basi," akasema. Baadaye akasema, "Walituambia tutakuwa na maji ya bomba."

"Bado hayajafika."

"Nimechoka, mwanangu."

"Mimi pia nimechoka, baba."

Kwenye njia ndogo ya kwenda kwao akasimama, amenipa mgongo. "Umenitaja vizuri," akasema. "Sasa wamesikia kwamba kuna mtu anayejua kutaja." Sikumwelewa. Akaingia migombani, na hakuna jani lililotikisika.

Baba Editha alinifuata kesho yake kwa baiskeli ya kuazima, akanikuta kwa watu wa Mbuba, homa imenishika. Leokadia alipasuliwa, akapata mtoto wa kike, wote wawili wazima. Tangu hapo gari lilipanda kilima kile hata liliporudishiwa kiti chake, hata likiwa limejaa. Lakini halikukaa sana. Jeshi lilikuja kuazima magari na letu halikurudi, na mume wangu hakulilalamikia. Hakushika usukani tena mpaka alipofariki. Bega langu la kushoto ni baridi mpaka leo. Wanangu walinipeleka kwa madaktari, wakanipa dawa ya kuchua.

Halafu wakaanza kuja wengine. Wa kwanza alikuwa kijana aliyerudishwa maiti kutoka vitani usiku kwa lori, bila mtu kumwambia neno darajani. Alisimama mlangoni kwangu saa za magharibi, akapiga hodi kwa adabu, akauliza kama amevuka. Nilimjua, nilimtaja yeye na baba yake, akaenda. Tangu hapo hawajakoma. Barabara sasa ni ya lami, magari yana nguvu za ajabu na yanapita darajani na jeneza kabla hujamaliza kusema jina. Nani asimame? Wanakuja kwangu. Kama ninawajua, ninawataja. Ndiyo kazi yangu ya uzeeni, na hakuna wa kunipokea mzigo huu.

Kwa hiyo nawaonya, nyie wenye magari. Likiwashinda mlimani, kabla hamjanunua chujio, kabla hamjapanua bomba, ulizeni kwanza lilimbeba nani na lilimvushaje. Na mkibeba mtu wenu, simameni darajani. Zimeni injini. Mwambieni.

Wiki hii amekuja mwanamke kijana, amesukwa nywele vizuri, kitenge cha kijani. Amekuja jana, amekuja na leo. Simjui. Nimemtajia ukoo wote niliowahi kuusikia kutoka Nyamigogo mpaka Mbuba, anatikisa kichwa tu. Nimempa kigoda, amekaa hapo nje chini ya paa, anatazama barabara. Kama ni wenu, njooni mniambie anaitwa nani.