Goli la Sagymbai

Kumushai alifundisha fizikia miaka kumi na tisa kabla ya kufungua duka lake la picha ndani ya kontena, sokoni kwetu Naryn, mji wa milimani. Mimi nilikuwa nashona viatu kontena la pili, na bati lile halizuii sauti, kwa hiyo mambo yake mengi niliyasikia hata nisipotaka. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua DVD za harusi na sherehe, ambazo watu hawana tena mashine ya kuzichezea, na kuzigeuza kuwa faili dogo la video la kuweka kwenye simu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akimharakisha humwambia, "Keti, kompyuta haina miguu," kisha huendelea na kazi.

Siku moja ya Machi akaja mzee Sagymbai, aliyechunga farasi maisha yake yote. Diski yake alikuwa ameitia ndani ya soksi ya sufu.

"Mwanangu, humu mna goli langu. Nitolee, niweke kwenye simu, yule muongo aone."

Muongo mwenyewe alikuwa Turgunaly, fundi wa majiko, jirani yake. Miaka kumi na minne nyuma walicheza timu moja ya kok-boru, mchezo ambao wapanda farasi hunyang'anyana mzoga wa mbuzi na kuutupa golini. Fainali ikiwa sare, farasi wakasongamana mbele ya goli, mzoga wa mbuzi ukaingia, mechi ikaisha. Kila mmoja akasema ni yeye aliyeutupa. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana msibani tu.

Diski ilikuwa imekwaruzika. Kumushai aliiosha kwa maji ya sabuni, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Mara ya tatu ikasomeka. Simu ya mzee ilikuwa na nafasi finyu, basi akaibana video hadi ikaenea, akampa.

Kesho yake asubuhi mzee alirudi masikio yamemwiva.

"Amenicheka mbele ya watu! Ati, 'Sagymbai, umeniletea video ya uji?'"

Kumushai alichukua simu, akatazama. Kweli, penye goli palikuwa na vipande vya rangi ya kahawia vikisukumana.

"Kosa langu, baba. Nimeibana kama harusi. Harusini watu wameketi, kompyuta haipati tabu. Farasi wanane na vumbi lote lile, inaelemewa, inapakapaka tu."

"Sasa?"

"Sasa naanza upya. Nitakutafutia kadi ya kuongeza nafasi kwenye simu."

Safari hii hakuibana sana. Tena aliondoa ile mistari kama meno ya kitana inayotokea kwenye DVD kitu kikienda mbio, akaiacha kila sekunde na picha zake zote hamsini. Kompyuta ile kuukuu ilifanya kazi tangu asubuhi mpaka alasiri. Mzee hakutoka. Alikaa kwenye kigoda akitafuna vidonge vya mtindi mkavu, na ilipokaribia kwisha akanigongea bati.

"Fundi, njoo uwe shahidi!"

Nikaenda na kiatu cha mtu mkononi. Kumushai alisogeza picha moja baada ya nyingine. Farasi mwekundu wa Sagymbai alionekana wazi, amejibana kati ya farasi wawili wa wapinzani, kifua mbele. Mkononi mzee ana mjeledi, hana kingine. Nyuma yake mkono wenye kitambaa cheupe ulikuwa ukiinua mbuzi. Kitambaa kile alikuwa akifunga Turgunaly.

Mimi nilitazama kiatu.

"Rudisha nyuma," mzee akasema.

Akarudisha. Ikawa ni ile ile.

"Lile faili la uji bado lipo?"

"Lipo, baba."

Mzee alivuta pumzi. Nilidhani ataliomba.

"Lifute."

Kumushai akalifuta mbele yake. Mzee akavaa kofia yake, akatia simu kifuani, akaelekea mgahawani alikozoea kuketi Turgunaly, nami nikamfuata, kiatu kingesubiri.

Turgunaly alipomwona alianza, "Leo umeleta supu?"

"Tazama, halafu ufunge mdomo."

Alitazama mara mbili. Mara ya tatu alisimamisha kidole kwenye kioo.

"Hawa wawili ndio uliowazuia wasinifikie?"

"Ndio hao."

"Mbona miaka yote hii hukusema?"

"Nilisahau. Nilikuwa nakumbuka natupa mbuzi."

Turgunaly akasogea kwenye benchi, akampisha, akamsogezea maandazi. Siku ya pili alikuja dukani kwa Kumushai kutaka nakala yake, ya kuwapelekea binti zake walioko ugenini.

Tangu wiki hiyo Kumushai alianza kumuuliza kila mteja swali moja kabla hajapokea diski: "Humu ndani wameketi, au wanakimbia?"