Majiko ya Okiria

Okiria amesoma vita vya Wachina kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna chuo kinachomjua. Alianza akiwa mlinzi wa kambi ya wajenzi wa barabara. Wachina walipohama waliacha katoni ya vitabu vya Kiingereza kuhusu majemadari wao wa kale. Tangu hapo hununua vingine sokoni Busia, na amejaza daftari thelathini na moja. Huviweka katika chumba kilicho nyuma ya hoteli ya Apolot hapa Malaba, ambako mimi hushona viatu barazani.

Mwaka huu Brendah alifungua hoteli ng'ambo ya barabara, na madereva wa malori wakahamia kwake. Apolot akamwita Okiria.

"Mzee, hicho chumba nataka kuweka mahindi. Ama hizo vita zako zinisaidie."

"Nipe siku mbili, mama."

"Ya tatu natoa makaratasi nje."

Okiria alifungua daftari la saba. Jemadari mmoja alipunguza majiko ya askari wake kila siku. Adui akadhani jeshi linatoroka, akajisahau, akapigwa. Basi Apolot, mwenye majiko matano ya kuni uani, akaambiwa awashe mawili tu.

Brendah alijisahau kweli. Alikaa nje akisukwa nywele. Lakini dereva aliye kwenye foleni ya mpaka wa Malaba haachi lori ovyo. Kwanza hupanda juu atazame ni hoteli gani inatoa moshi mwingi. Moshi mdogo ni chakula cha jana. Hata Egwang, mteja wetu wa miaka yote, alitupita.

"Boss, mama amefiwa?" akaniuliza.

"Hapana. Ni Wachina."

Jioni Okiria alipekua tena. Daftari la tisa lilikuwa na jemadari mwingine, huyu aliongeza majiko, na adui akaogopa kumfuata. Asubuhi tukaongeza mafiga sita ya mawe, tukawasha majiko kumi na moja. Matano yalikuwa na chakula, mchuzi wa kuku ukiwemo. Sita yalikuwa na masufuria ya maji matupu.

Saa nne kuni zikaisha. Okiria akaingia chumbani, nikasikia misumari iking'oka. Alitoka amebeba rafu yake ya vitabu, mbao moja moja.

Kufikia saa sita Brendah alikuwa amefunga madirisha kwa sababu ya moshi, na Egwang amekalia kigoda changu kwa kukosa benchi. Chakula kilipokwisha, Apolot alitupa majani katika yale masufuria sita, akauza chai.

"Mzee, na hiyo chai iko kwa kitabu?"

"Iko," Okiria akajibu bila kupepesa macho.

Chumba kimebaki chake, ingawa Apolot aliingiza mahindi vilevile. Vitabu sasa vinalala juu ya magunia. Juzi alinionyesha daftari la thelathini na mbili, ukurasa wa kwanza: "Vita vya Malaba. Siku mbili. Waliokufa: kuku sita."