Bibi ameona kioo changu cha floridi

Leo bibi yangu ambaye haoni ndiye aliyeelewa ninachosomea chuoni.

Nipo likizo, nyumbani Rugu. Jana Baba aliniuliza tena, "Kusomea vioo kutatusaidia nini?"
(Wangapi mmeshaulizwa hivyo na wazazi?)

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, na Bibi alikuwa anaota moto jikoni. Nikatoboa tundu kwenye boksi, nikalisimamisha kati ya shavu lake na makaa.

Kwanza nikaziba tundu kwa kipande cha kioo cha dirisha.
"Moto umekwenda mbali," akasema.

Nikakitoa, nikaweka kipande changu cha kioo cha floridi, aina tunayoitengeneza maabara chuoni.
Akashtuka. Jamani, nikaogopa nimemuunguza.
"Umerudi," akasema taratibu, akigusa shavu. "Hapa, kama duara dogo."

Nikamweleza kwamba makaa hutoa pia mwanga usioonekana, unaitwa infraredi. Atomu za kioo cha dirisha zimeshikana kwa nguvu, hunyonya sehemu kubwa ya mwanga huo. Za floridi ni nzito na zimeshikana kwa ulegevu, kwa hiyo mwingi unapita.

"Kumbe upo mwanga ambao hata nyie hamuuoni," akasema, kama anayeongea na moto.

Halafu akamwita Baba aliyekuwa uani.
"Mwanangu, njoo uone!"

Baba akaja, akainama, akasogeza shavu mbele ya lile tundu.
Akafumba macho.