Baiti Nne Alizoniletea Deus

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mwenyewe Kirumba, saa nane mchana, mvua ikinyesha.

Nilikuwa namalizia programu ya kupimia samaki pale mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, niikabidhi saa kumi. Ilikosa maktaba moja tu, yaani faili ambamo programu huazima kazi iliyokwisha kuandikwa. Hii ilikuwa ya kusoma mizani. Aliyeiandika ni rafiki yangu Deus.

Sasa nifuate taratibu, si vigumu. Jina la faili hudanganya, yeyote anaweza kulibadili. Ukweli uko kwenye baiti za mwanzo, yaani zile alama ndogo zinazounda faili. Maktaba ya Windows huanza na M na Z. Ya Linux huanza na alama moja isiyosomeka, kisha E, L, F. Nina msimbo wa mistari mitano: unafungua faili, unasoma baiti nne, unalinganisha, unakwambia aina yake. Siku zote nauendesha kwanza.

Deus akaingia, akanipa flashi. Viatu vyake vikavu. Kwa mvua ile? Niliona, nikapuuza.

"Karibu maji, kaka."

"Nimeshakunywa ziwa zima," akacheka. Nilipofungua msimbo wangu, akanuna. "Unanikagua mimi? Hata mama mkwe hajafika huko!"

Nikaona aibu. Kwetu kumpekua mgeni akikutazama ni kumtukana. Nikaufunga, nikaipakia maktaba yake hivyo hivyo.

Niamini, faili zangu zote, kazi ya mwaka mzima, zikawa tupu moja baada ya nyingine. Kugeuka, hayupo. Mlango umefungwa kwa ndani.

Nikampigia. "Niko Magu msibani tangu jana," alisema Deus, na nyuma yake watu waliimba. "Flashi gani?"

Ndipo nikauendesha msimbo. Jibu: si maktaba ya aina yoyote. Kompyuta ilipaswa kuikataa! Nikazitazama zile baiti nne: D, O, T, O.

Mimi ni pacha. Kulwa wangu, aliyetangulia kuzaliwa, alikufa mchanga, na jina langu la Doto, la pacha wa pili, nililiacha kijijini. Mjini nilimwambia mtu mmoja tu. Deus.

Anaapa hakumwambia mtu. Kazi ya mwaloni alipewa mwingine. Bado tunasalimiana, lakini mvua ikinyesha namtazama viatu.

Wewe usione aibu kama mimi. Mtu akikuletea maktaba, hata awe rafiki wa damu, mpe kiti asubiri. Fungua faili, soma baiti nne za mwanzo, linganisha. Ndipo upakie.