Siku Jefferson Alipohukumiwa Stafford

Asubuhi ile ya mwisho kabla hajaugua, mkewe mzee Swafwani alikuwa akipiga pasi sare yake ya kazi huku simu ikimsomea habari za Lamu, kama kila siku nyumbani kwao Stafford, Marekani. Hakuwa na haraka. Alijipaka viganja mafuta ya nazi, maana kazi yake ya kuwaogesha wazee wa Kimarekani ilimkausha ngozi, na wazee hao, waliomfokea kila mtu, kwake walitulia tuli. Binti yao Jannat alikuwa akiwasomea masomo ya mtihani wa uraia. Akafika kwa Jefferson, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliyeipenda Ufaransa hata wapinzani wake wakasema si mwaminifu kwa nchi yake.

“Walisema kweli,” mzee akadakia. “Mguu huku, moyo kule. Ndiyo maana mimi siendi kuapa uaminifu kwa Marekani. Nikamdanganye Mungu?”

“Baba naye! Sasa mama ataapa peke yake?”

Mkewe hakupaza sauti. Hakuwahi, akikasirika ndipo ilipozidi kushuka, mpaka umsogelee ndio umsikie. Aliweka pasi kando, akamtazama mumewe kwa utulivu. Leo kaburi lake limeota nyasi, na mzee bado hajaona hakimu wa kukata kesi namna ile, ya Jefferson na yake pamoja:

“Baba Jannat, nilipoolewa nawe sikuacha kumpenda mamangu. Ushawahi kulala na njaa kwangu?”