Gia ya Tatu

Juzi hapa Mikumi mama mmoja aliwasha pikipiki ndogo, zile nyepesi zisizo na klachi ya mkononi, nikasimama barabarani kama niliyeitwa. Wewe acha tu. Mlio ule niliusikiliza jioni nyingi nikiwa nimefungiwa ndani.

Nililelewa na bibi, Kilosa. Jirani yetu, mwalimu wa kike, alikuwa na pikipiki kama hiyo, na jioni alinifundisha kuiendesha kwenye uwanja ng'ambo ya reli. "Ukiweza kuiinua mwenyewe, utaiendesha," aliniambia. Niliiinua mara nyingi, maana nilianguka mara nyingi. Nikaijua gia ya kwanza, nikaijua ya pili. Ya tatu, alisema, ningeitia siku nitakayozunguka uwanja peke yangu.

Kabla ya siku hiyo nikavunja ungo. Bibi akaniweka ndani, kama alivyowekwa yeye. Mwali hatoki, hapazi sauti, haonwi na wageni. Chumba kilinuka moshi wa magunzi na mafuta ya nyonyo niliyopakwa kila asubuhi. Nilisuka ukili mpaka vidole vikauma. Jioni, pikipiki ikiunguruma uwanjani, nilikalia kinu kilicholazwa na kukanyaga gia hewani. Nilizichukia kuta zile, na kusema kweli nilimchukia bibi pia.

Wiki ya tatu mwalimu akaja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu."

Alikuwa amehamishiwa Berega, anaondoka kesho yake. Akasogea dirishani. "Kama bado unataka kumalizia, kohoa tu mwanangu. Nitaomba siku chache, nikungoje utoke."

Bibi akaongeza magunzi motoni. Koo liliniwasha, lakini nilikuwa nimefundwa kwamba mwali anayemjibu mgeni humwaibisha aliyemlea. Nikabana pumzi. Mwalimu alingoja, alingoja sana, kisha akasema, "Haya, labda amelala." Nikamsikia akitia ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu kimya.

Siku hizi ni wachache wanaowekwa ndani. Bibi ametangulia, uwanja umejengwa nyumba, na mimi nina miaka arobaini na ushee, bado nabebwa nyuma kwenye bodaboda.

Siku niliyotolewa nje, bibi aliwaambia majirani kwamba mwali wake aliitwa dirishani na hata kukohoa hakukohoa. Wakapiga vigelegele, wakanitunza khanga. Nami, rafiki yangu, nilijiona mshindi.